Walimu Wachague Wenyewe Programu za Kupunguza Picha

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, vituo vya intaneti vilivyotapakaa kutoka Jericho hadi Kayole hufurika vijana. Ni wahitimu wanaotafuta mikopo ya HELB, au wanaojaza fomu za stakabadhi za serikali katika eCitizen, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 2014. Fomu hizo aghalabu hudai picha ya uso au nakala ya cheti, nazo huweka kikomo: faili isizidi kiasi fulani cha kilobaiti. Kijana aliyejipiga picha kwa simu yake, picha ya megabaiti tatu au nne, hukataliwa papo hapo. Hapo ndipo huanza kuhangaika, ilhali saa za mwisho za kutuma maombi zinayoyoma.

Nimesimama mara nyingi katika foleni za vituo hivyo, hususan pale Umoja na sehemu za soko la Mutindwa, nikaona yanayotendeka. Mhudumu huipokea picha kwa WhatsApp, huifungua, hubofya mara mbili tatu, kisha hudai malipo. Kazi yenyewe haichukui hata dakika moja. Sina ugomvi na mhudumu, kwani naye anatafuta riziki na kodi ya nyumba inamngoja. Ugomvi wangu ni na sisi walimu. Kijana huyu amekaa nasi miaka minne, pengine katika shule yenye chumba cha kompyuta, naye hajui picha yake imefanywa nini. Isitoshe, nakala ya kitambulisho chake imebaki katika mashine ya umma, ambapo mteja atakayeketi baadaye aweza kuifungua apendavyo.

Tuanze na jambo lenyewe. Picha ya tarakilishi ni vitone vidogo vya rangi viitwavyo pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu. Picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina vitone milioni 12. Picha ya pasipoti yenye upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45, ikichapishwa kwa vitone 300 katika kila inchi, huhitaji pikseli 413 kwa 531 tu, yaani takribani laki mbili na elfu ishirini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya picha ya simu ni mzigo ambao fomu haina haja nao.

Kuna njia mbili za kuupunguza mzigo huo, nazo huchanganywa kila siku. Ya kwanza ni kupunguza idadi ya pikseli. Ya pili ni kuikaza faili, pikseli zikibaki vile vile. Mtindo wa JPEG, ambao umetumika tangu mwaka wa 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa yale madogo ambayo jicho la binadamu halitambui kwa urahisi. Ukikaza mno, vipande hivyo huanza kuonekana, na uso wa mtu ukawa kama ukuta wa vigae. Tena kila unapoihifadhi upya picha ya JPEG baada ya kuigeuza, hupoteza kitu. Mwanafunzi anayeyafahamu haya atajua kwamba apunguze pikseli kwanza, akaze baadaye, na asiiguse kamwe picha ya asili bali nakala yake. Asiyefahamu huvuta pembe moja ya picha hadi uso ukawa mpana kama tikiti maji, kisha akashangaa kwa nini maombi yake yamerudishwa.

Sasa, ni programu gani ya kumfundishia? Katika mitaa yetu jibu la haraka ni Photoshop. Ndiyo inayotajwa katika matangazo ya kazi, na ndiyo ipatikanayo katika flashi za vijana bila leseni. Tangu mwaka wa 2013 kampuni ya Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya kuuzwa mara moja, ikawataka watumiaji walipe ada ya usajili kila mwezi au kila mwaka. Shule ya kutwa ya Dandora au Makadara, ambayo haina hata wino wa kutosha wa printa, haiwezi kulipia ada hiyo kwa mashine 20. Matokeo yake ni kuiba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, sawa na riwaya. Mwalimu anayewakemea wanafunzi kwa kunakili insha ya jirani, kisha akawawekea programu ya wizi, anawafundisha somo jingine kabisa! Na nakala hizo zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi.

Yupo mwenzangu, mwalimu hodari wa somo la kompyuta, ambaye hunipinga kwa hoja nzito. Husema: mtoto wa Eastlands asinyimwe chombo ambacho waajiri wanakitaka, eti kwa sababu ni maskini. Naikubali nusu ya hoja yake. Anayetaka kuwa msanifu wa picha aifahamu Photoshop, na vyuo vinavyoifundisha kwa leseni vipo. Lakini hapa twazungumzia kupunguza ukubwa wa picha. Kutumia Photoshop kwa kazi hiyo ni kukodi lori la kubeba mchanga ili upeleke barua moja Buruburu. Mashine nyingi za shule zetu ni za mitumba, na programu nzito huzilemaza.

Mimi napendekeza mbili. Ya kwanza ni IrfanView, iliyotungwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, na kutolewa mwaka wa 1996. Ni nyepesi mno, hufanya kazi katika mashine kongwe za Windows, na haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Masharti yake yaruhusu shule na maktaba kuitumia bila malipo, ila anayeitumia kibiashara, kama vile mwenye kituo cha intaneti, yampasa kulipia. Fadhila yake kubwa ni kushughulikia picha nyingi kwa mkupuo. Tuchukue darasa la wanafunzi 50, kila mmoja na picha ya megabaiti tatu. Hizo ni megabaiti 150. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 60 kila moja, zote pamoja ni megabaiti tatu. Mwalimu wa darasa anayetumia bando lake mwenyewe ataielewa tofauti hiyo bila kuhubiriwa.

Ya pili ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka wa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Hii ni programu huria: yeyote aweza kuinakili, kuigawa, hata kuifungua aone ilivyoundwa. Ni nzito kuliko IrfanView, na wingi wa vidirisha vyake huwatisha wanaoanza. Hata hivyo mwanafunzi aweza kwenda nayo nyumbani Kariobangi katika flashi, aiweke katika kompyuta ya binamu yake, na asivunje sheria yoyote. Ama Paint, inayokuja na Windows, yafaa panapokosekana kingine. Hupunguza pikseli vizuri, lakini haikupi uhuru wa kuchagua kiasi cha kukaza JPEG, na fomu ya serikali haitakubembeleza.

Tovuti za kupunguza picha, ambazo vijana huzipenda, zataka tahadhari. Nyingi huichukua picha na kuipeleka katika kompyuta ya mtu usiyemjua, nchi usiyoijua. Zipo za ungwana, kama Squoosh iliyotolewa na Google mwaka wa 2018, ambayo hufanya kazi yote ndani ya kivinjari, picha isitoke katika mashine yako. Je, ni wanafunzi wangapi wawezao kutofautisha? Picha ya mandhari ya Uhuru Park haina siri. Cheti cha kuzaliwa kina siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa, na hilo si tishio la karatasini. Mnamo Septemba 2023 shule moja huko Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu anayetupia picha za darasa zima katika tovuti ya kwanza anayoiona na alitafakari hilo.

Wapo watakaosema simu zitamaliza taabu hii, kwa kuwa WhatsApp yenyewe huzipunguza picha zinapotumwa. Ni kweli huzipunguza, lakini kwa kipimo chake, si kwa kipimo cha fomu yako. Na tangu mwaka wa 2023 ina chaguo la kutuma picha kwa ubora wa juu zaidi, kwa hivyo hata njia hiyo ya mkato haitabiriki.

Kwa walimu wenzangu wa Eastlands, basi, ombi langu ni dogo. Kabla ya watahiniwa wa mwaka huu kufunga vitabu, tengeni vipindi viwili. Cha kwanza kiwe cha kuhesabu pikseli ubaoni, hata kama stima imepotea. Cha pili kila mtahiniwa aipunguze picha yake mwenyewe hadi chini ya kilobaiti 100, aihifadhi katika flashi yake pamoja na ile ya asili, kisha aifute katika mashine ya shule mbele ya mwalimu. Flashi moja yenye IrfanView na GIMP yatosha kusakinishia chumba kizima, na kazi hiyo huisha kwa alasiri moja.