Jiwe la Ijumaa na Binti Asiyelala

Mama mmoja, msomaji wetu, ametuletea shida ya binti yake wa miaka tisa. Ameona katika simu ya kaka yake video isemayo kuwa jiwe kubwa la angani litaipiga dunia siku ya Ijumaa, na tangu hapo hakubali kulala peke yake. Mama anauliza amwambie nini.

Amwambie kweli. Jiwe lipo. Ni asteroidi iitwayo Apophis, yenye upana unaozidi mita 300, na Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, litapita kiasi cha kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia. Litapita, halitagonga, wanajimu wa elimu ya anga wameipima njia yake na kuondoa hofu hiyo kwa miaka 100 ijayo. Aliyetengeneza video ameichukua tarehe akaiacha hesabu.

Na likija jingine? Hapo tuna habari njema. Tarehe 26 Septemba 2022, NASA, shirika la anga la Marekani, lilikigongesha kwa makusudi chombo chake, DART, kwenye mwamba Dimorphos wenye upana wa kiasi cha mita 160, unaouzunguka mwamba mkubwa zaidi, Didymos. Chombo hakikufika kilo 600, lakini kilikwenda kiasi cha kilomita 6 kwa sekunde. Mzunguko uliokuwa wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa, kwani vifusi vilivyoruka viliusukuma mwamba kuliko chombo chenyewe.

Hata hivyo, mwendo wa mwamba ulibadilika kwa milimita chache tu kwa sekunde. Ndiyo maana jiwe sharti lionekane miaka mingi kabla, ili mabadiliko hayo madogo yajikusanye hadi liikose dunia. Njia ya kulivuta polepole kwa mvutano wa chombo kinachoelea kando yake haijajaribiwa, na bomu la nyuklia huwekwa la mwisho.

Wapo watakaosema huku ni kushindana na kadari. Hatuoni hivyo. Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) habari za ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Basi mama asiishie kuificha simu. Baada ya Isha amtoe binti uani, amwonyeshe nyota, amhesabie miaka iliyobaki. Usiku ule, mawingu yakiruhusu, Apophis itaonekana Afrika kwa macho matupu, nukta ya mwanga inayotembea, inshaallah naye atakuwa macho kuitazama.