Kimya cha Dirac

Safari hii safu yetu inamhusu mwanafizikia Paul Dirac, aliyezaliwa Bristol, hapa Uingereza, mwaka 1902. Mwaka 1928 aliandika mlinganyo unaoeleza mwenendo wa elektroni. Hesabu zake zilimfikisha kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: lazima kuwe na chembe pacha ya elektroni, yenye uzito uleule lakini chaji chanya. Mwaka 1932 Carl Anderson aliigundua huko Marekani, ikaitwa positroni. Mwaka uliofuata Dirac alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Schrödinger. Alikuwa na miaka 31 tu.

Lakini wenzake wa Cambridge walimjua pia kwa kimya chake. Walitania kwamba "dirac" moja ni kipimo cha neno moja kwa saa. Husimuliwa kuwa baada ya mhadhara mmoja, msikilizaji alisema hakuelewa mlinganyo fulani ubaoni. Dirac akanyamaza. Alipoombwa ajibu, akasema hajasikia swali, amesikia maelezo.

Tulicheka sana, mpaka tuliposoma habari za utoto wake. Baba yake, Charles, alikuwa Mswisi na mwalimu wa Kifaransa. Aliweka sharti kwamba Paul azungumze naye Kifaransa tu. Kwa masimulizi ya Dirac mwenyewe, alishindwa kujieleza kwa Kifaransa, akaona afadhali anyamaze kuliko kusema Kiingereza. Wawili hao walikula pamoja, huku mama, kaka na dada wakila jikoni.

Wanachama wenzetu, meza ile wengi wetu tunaijua. "Humu ndani Kiswahili tu!" Basi unajikaza, unasema "kitabu yangu imepotea," na ukumbi mzima unaangua kicheko. Siku ya pili unatoa shikamoo, unakula, unapanda chumbani.

Wazazi wetu hatuwalaumu. Wanaogopa siku bibi atakapopiga simu tukabaki kuchekacheka tu, na hofu yao ni ya kweli. Ila sharti peke yake halifundishi mtu kusema. Anahitaji pia mtu wa kukosea mbele yake bila kuona haya.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na cha Dirac kilikuwa na mshindo kweli. Chetu hakifichi mlinganyo wowote. Kinaficha maswali ambayo tungependa kumuuliza bibi angali hai.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alimpigia bibi yake Tanga, yeye mwenyewe, bila mama kumshikia simu. Anasema alikosea ngeli mara tatu. Bibi alimsahihisha mara moja, mara mbili akamwachia, na wakazungumza dakika 40.

Sisi wengine tumeanza kuhesabu salio la simu.