Fimbo ya Biliadi: ya Mkono au ya Mashine?

Swali hili laonekana dogo, mpaka kijana aliyepokea mshahara wake wa kwanza arudi nyumbani akisema atanunua fimbo ya biliadi iliyofanyizwa kwa mkono, hali mdogo wake angali akidaiwa ada ya shule ya sekondari. Hapa Dilala, penye meza za biliadi jioni, maneno hayo "ya mkono" hutamkwa kwa heshima kubwa. Basi na tuyapime.

Tuchukue fimbo ya snuka, maana ndiyo inayosifiwa zaidi. Mchezo huo ulianzishwa na maofisa wa Kiingereza huko Jabalpur, Bara Hindi, mwaka 1875. Sheria yake yataka fimbo isipungue milimita 914. Nyingi hukaribia sentimita 145, na uzito wake ni kama nusu kilo. Sehemu ya mbele ni mti wa nchi za baridi, ash au maple. Shikio ni mpingo au mti mwingine mzito. Ugumu wa kazi umo katika kuiunganisha miti hiyo miwili.

Fundi wa mkono hupiga randa ubavu wa mti wa mbele hata uwe bapa, akabandika kipande cha mpingo kwa gundi, akangoja kikauke, ndipo akageukia ubavu mwingine, mpaka zitimie pande nne. Akiisha kuuviringisha, kila kipande huishia kwa ncha ya duara kama ulimi. Mashine, kwa upande wake, huikata miti yote miwili iwe na meno yaingianayo kama vidole vya mikono miwili, na ncha zake hutoka kali, zenye kulingana. Tazameni ncha hizo, mtajua mara moja mnauziwa nini.

Je, ncha ya duara hupiga mpira vizuri zaidi? Hatusadiki. Tofauti iliyo kubwa hutangulia gundi. Fundi mwema huuchagua mti ambao nyuzi zake zimenyoka toka mwanzo hata mwisho, huukereza kidogo, huuacha upumzike, huukereza tena, maana mti uliokatwa karibuni hupenda kujipinda. Kiwanda chenye haraka hakingoji. Lakini viko viwanda vinavyongoja, na fundi mzembe haokolewi na mikono yake. Tena nyingi za hizo "za mkono" zilipita kwanza kwenye mashine. Hilo wauzaji hawalitaji.

Seremala wa Dilala hapungukiwi na akili ya kazi hii. Anachokosa ni mti uliokaushwa sawasawa. Na ile pete ndogo ya mbele, penye ngozi, mara nyingi ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu na zinki. Shaba twaichimba Kolwezi, zinki Kipushi; pete twainunua kutoka ng'ambo!

Kwa kijana anayejifunza, fimbo ya mashine iliyonyoka yatosha, na ada ilipwe kwanza. Kabla ya kutoa fedha, aibingirishe juu ya meza: ikirukaruka, aiache, hata ikisifiwa namna gani. Akiisha kuinunua, asiiegemeze ukutani siku nzima wakati wa masika. Ailaze mahali palipo sawa, pakavu, mbali na jua la dirishani.