Hali fiche ya kivinjari si kinga ya kila kitu, wananchi waambiwe ukweli

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari za Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na miji mingine hujaa vijana. Wengi hawana kompyuta nyumbani. Hukaa mbele ya mashine ambayo wengine wameitumia tangu asubuhi, wakafungua barua pepe, wakaandika nywila, wakapakia vyeti vya kuzaliwa na taarifa za wazazi, wakachapisha fomu na kuondoka. Mara nyingi huacha akaunti iko wazi na nywila imehifadhiwa. Anayeketi baada yao hahitaji ujuzi wowote wa udukuzi ili aingie.

Kinga dhidi ya hatari hiyo ipo, nayo ni dirisha la hali fiche; ni ya bure, na imo katika kila kivinjari kikubwa. Safari ilikuwa nayo tangu 2005. Chrome ikaja nayo 2008, Firefox 2009. Kwenye kompyuta, Chrome na Edge huifungua kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Firefox ni Ctrl, Shift na P. Ukifunga dirisha hilo, historia ya kurasa ulizopitia na vidakuzi vilivyokutambulisha hufutwa kwenye mashine ile. Kinachotusikitisha ni kwamba hali fiche inaachwa hapo inapofaa, kisha inategemewa mahali isipoweza kumsaidia mtu.

Mfanyakazi huifungua kwenye mtandao wa ofisi akiamini mwajiri haoni anakokwenda. Anaona, akitaka. Kampuni ya simu inayouza bando nayo inaweza kujua tovuti gani zimetembelewa, hata pale inaposhindwa kusoma kilichoandikwa ndani yake. Tovuti yenyewe huiona anwani ya IP ya mgeni wake, na akishaingia kwa akaunti yake, inamjua kwa jina. Faili alilopakua linabaki kwenye kompyuta. Hali fiche haizuii virusi, haitambui tovuti bandia ya benki, wala haiwezi kunyamazisha programu iliyofichwa kwenye mashine ili kunasa kila herufi inayoandikwa.

Upotofu huu hauko kwetu tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, na wenzao wa Hannover, Ujerumani, waliwasomesha watu 460 maelezo ambayo vivinjari hutoa kuhusu hali hii, kisha wakawauliza wameelewa nini. Zaidi ya nusu waliamini kuwa hata wakiwa wameingia kwenye akaunti zao za Google, walichotafuta hakitahifadhiwa. Zaidi ya robo walidhani wanalindwa zaidi dhidi ya virusi. Hawa walikuwa wamesoma maelezo hayo. Tujiulize hali ikoje kwa wasioyasoma kabisa.

Lawama hatuwezi kuwatwisha watumiaji peke yao. Juni 2020 Google ilishtakiwa California kwa madai kwamba iliendelea kukusanya taarifa za watu waliokuwa kwenye hali fiche, kupitia zana zake za matangazo na takwimu zilizomo katika tovuti nyingine. Walalamikaji walitaka dola bilioni 5. Kampuni ilikana kuvunja sheria, lakini katika makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu, kuandika upya maelezo yake kwa watumiaji, na kwa miaka 5 kuzuia vidakuzi vya kampuni nyingine ndani ya hali hiyo. Fidia ya jumla kwa mamilioni ya waliohusika haikuwamo. Yaani ilihitajika karibu miaka minne ya kesi ili maelezo machache kwenye skrini yarekebishwe.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Tunaitaka Tume isiishie kusajili taasisi na kuzungumza na mawakili wao. Iende steshenari. Iweke tangazo la Kiswahili chepesi ukutani, linalosema hali fiche inafuta nini na haifuti nini. Wenye steshenari nao waifanye kuwa desturi: mteja anapoketi, dirisha fiche liwe tayari limefunguliwa; anapoinuka, lifungwe akishuhudia, na mafaili yake yafutwe. Hilo halimgharimu mfanyabiashara hata shilingi.

Nawe msomaji, unapotumia kompyuta au simu isiyo yako, fungua hali fiche kabla ya kuandika chochote. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha funga madirisha fiche yote, kwa sababu katika Chrome likibaki moja, akaunti uliyoingia bila kutoka hubaki wazi. Futa ulichopakua. Na kama jambo lenyewe ni la benki au la afya yako, subiri upate kifaa unachokiamini.