Tusiuziane Pikapu Zenye Kingi Pini Zilizolika

Kuna biashara inayoendelea miongoni mwetu hapa Texas, na tumeizoea mno hata hatuioni tena kuwa ni aibu. Karibu kila mtaa wenye Waswahili wengi una pikapu yake kuukuu. Ndiyo inayohamisha makochi, ndiyo inayobeba masufuria ya pilau ya harusi na viti vya matanga. Mwenyewe akishapata gari la maana, pikapu huuziwa kijana aliyefika karibuni, kwa bei ya kindugu na maneno matamu: "Injini haina neno, mdogo wangu. Usukani tu una mchezo kidogo, utazoea."

Mchezo huo kidogo ndio tunaotaka kuuzungumzia.

Tuchukue Ford F-100 za kati ya 1965 na 1979, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Bado zinaonekana huku, kwa sababu barabara zetu hazimwagiwi chumvi kila kipupwe kama za kaskazini, na chuma cha zamani kinadumu. Katika pikapu hizo kila gurudumu la mbele limekaa kwenye boriti yake ya chuma. Mwishoni mwa boriti kuna pini nene kama kidole gumba, iliyosimama wima na kuinama kidogo. Hiyo ndiyo kingi pini. Mkono unaoshika gurudumu huizunguka pini hiyo kwa bushi mbili, moja juu na moja chini. Bushi zikilika, gurudumu halina tena mtu wa kuliambia lisimame wapi. Tairi hulika upande mmoja, gari hutangatanga barabarani, na ukipita kwenye shimo kwa kasi magurudumu ya mbele huanza kutetemeka hadi usukani unakupiga mikono. Kijana huyo haendi sokoni na kurudi tu. Anaingia barabara kuu ya Houston, kati ya malori, na mkewe pembeni.

Zamani kulikuwa na jicho la serikali. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya watu binafsi, na kilichobaki katika baadhi ya wilaya ni kupima moshi. Wako miongoni mwetu walioshangilia. Sawa, tumepunguziwa usumbufu. Lakini sasa ni nani atakayechungulia chini ya pikapu kabla hatujampa mwenzetu funguo? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakuwa wanamzungumzia mgeni.

Tukiulizana, majibu ni yale yale. La kwanza: gereji zinataka fedha nyingi kuliko thamani ya pikapu yenyewe. Ni kweli, kwa sababu kazi hii ina saa nyingi za mikono. Lakini seti yenyewe ya pini na bushi bado inauzwa, na mara nyingi bei yake haifiki ya tairi moja jipya. Kilicho ghali ni jasho, na jasho tunalo. La pili ni la wale wanaopiga grisi siku moja kabla mnunuzi hajaja. Grisi nzito hujaza uwazi kwa siku chache na mlio unanyamaza. Tuliite jina lake: huo ni udanganyifu. La tatu halisemwi kwa sauti. Tumekuja na shahada, tuna vitambulisho vya ofisi shingoni, na hatutaki jirani atuone tumelala chini ya gari. Sisi tuliosomea uhandisi ndio wabaya zaidi. Tunaweza kuchora mgawanyo wa nguvu kwenye ekseli, lakini spana tumemwachia yule tuliyemwacha nyumbani, ambaye anabadilisha kingi pini za Fuso chini ya mwembe na hakuna aliyempigia makofi.

Kazi yenyewe yafaa Jumamosi mbili. Kwanza pima. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi imara chini ya boriti, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, tazama kwenye kingi pini.

Ukishafungua gurudumu, mfumo wa breki usiuache uning'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ufunge kwa waya. Achanisha tairodi, toa kipini kinachofungia kingi pini kwenye boriti, na vifuniko vya juu na chini. Hapa ndipo watu hukata tamaa, maana pini iliyokaa miaka 40 imeshikana na kutu. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na ikikataa tumia joto la gesi. Anayeanza kwa kuitwanga nyundo huipanua kichwa kama uyoga, na baada ya hapo haitoki kabisa. Bushi za zamani hutolewa kwa jiliwa na soketi inayolingana. Unapoingiza mpya, tundu lake la grisi likutane na tundu la nipeli, ama sivyo utapiga grisi miaka yote na isifike popote.

Kuna mpaka wa kazi ya nyumbani, na tusiupite kwa ujeuri. Bushi za shaba lazima zipanuliwe kwa rima hadi zikubali pini bila kulegea, na ile ya juu na ya chini zipanuliwe katika mstari mmoja. Msasa na kidole havifanyi kazi hiyo. Mpelekee mkereza vyuma mikono yote miwili pamoja na pini zake mpya. Zipo bushi za nailoni zisizohitaji rima. Wengine wanazisifu, sisi tunapendelea shaba.

Wakati wa kurudisha, beringi inayobeba uzito hukaa chini ya boriti, na washa nyembamba hutiwa juu kuondoa mchezo wa kupanda na kushuka. Mfuo wa pini uelekee kwenye tundu la kile kipini cha kufungia. Piga grisi gurudumu likiwa bado limening'inia, mpaka grisi safi itokeze. Fanya pande zote mbili, halafu peleka alaimenti.

Tunapendekeza hivi kwa jumuiya zetu, za Watanzania, Wakenya na Wakongo waliomo humu mjini. Rima, jeki na stendi zinunuliwe kwa mchango, zikae kwa mtu mmoja anayeaminika, kama tunavyonunua masufuria ya shughuli. Na pikapu isibadilishe mkono mpaka gurudumu la mbele litikiswe mbele ya pande zote mbili. Kijana anayenunua naye asione haya kuomba jeki. Muuzaji akinuna, aachiwe pikapu yake.