Dhihaka ya Ulysses

Wako wasemao kuwa picha ya Turner, yule mchoraji Mwingereza, iitwayo Ulysses Akimdhihaki Polyphemus, ni sifa kwa akili iliyoushinda unyama. Mimi siafiki.

Hebu, msomaji, ukumbuke kisa chenyewe alivyokisimulia Homer. Ulysses na wenzake waliingia pangoni mwa jitu lenye jicho moja bila hodi, mwenyewe yuko malishoni, wakala jibini yake. Wenzake walitaka wachukue chakula waondoke upesi. Yeye akakataa, akataka amngoje mwenyeji ampe zawadi! Mgeni gani huyo? Jitu likarudi, likaziba mlango kwa jiwe, likawala watu sita. Hilo silitetei. Na kulitoboa jicho ili watoke kulikuwa kujiokoa tu. Nani angefanya vingine?

Lakini Turner hakuchora kutobolewa kwa jicho. Mwaka 1829 alichora yaliyofuata: watu wamekwisha okoka, merikebu inaondoka, na mkubwa wao amesimama juu anapiga kelele. Hapo ndipo ninapogombana na hao wasifuo. Wakifika mbele ya picha hii, katika jumba la National Gallery mjini London, hutazama jua linalochomoza upande wa kulia na dhahabu iliyomwagika baharini, wakadhani nuru yote ile ni ya Ulysses. Mbona hawainui macho juu kushoto? Jitu liko huko mlimani, limefifia kama wingu, hulibaini mpaka utulie. Alfajiri ile ile lilikuwa limempapasa kondoo wake dume, likimwuliza mbona leo anatoka wa mwisho. Jua lile zuri, lenyewe halilioni.

Aliyekwisha kushinda ana haja gani ya kutukana? Pangoni alijiita Si Mtu, na jina hilo likamwokoa. Alipofika mbali baharini, kiburi kikamfanya ataje jina lake la kweli, na la baba yake, na kwao. Basi jitu likapata jina la kuapiza, likamwomba baba yake Poseidon, mungu wa bahari.

Wenzake walikuwa wamemsihi anyamaze. Turner amewapandisha milingotini, wadogo kama sisimizi, wanahangaika na matanga. Hakuna hata mmoja wao aliyefika Ithaca.