Jaketi la Ngozi Lisilo na Ngozi

Mwezi wa Julai unapoingia na ukungu wa Limuru na Nyahururu ukakaa hadi saa nne asubuhi, jaketi la ngozi huwa tamanio la wengi: mwalimu adamkaye gizani kuwahi gwaride, utingo wa matatu aningíniaye mlangoni, na kijana wa bodaboda apasuaye upepo kwa kifua chake. Wasomaji wetu wa Pwani watatuwia radhi; wao hawana haja nalo. Aghalabu ni majira hayo ndipo walaghai hupata windo lao.

Mwandishi wa makala haya ana haki ya kulisema hilo, kwani aliwahi kuumwa. Miaka kadhaa iliyopita alinunua jijini Nairobi jaketi jeusi la kumetameta, akalipia sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi huku muuzaji akimwapia kuwa ni ngozi tupu. Kabla ya masika ya pili kwisha, mabega yalikuwa yakibambuka magamba mithili ya nyoka ajivuaye. Wanafunzi, ambao macho yao hayana msamaha, waliviokota vipande vyake sakafuni. Kumbe lilikuwa kitambaa kilichopakwa plastiki! Hakuna fundi awezaye kuliponya vazi la aina hiyo, maana joto na unyevu huila plastiki hata ikiwa imetundikwa kabatini.

Basi ni kitu gani kinacholifanya jaketi la ngozi listahili kununuliwa? Hakika si jina la kigeni lililoshonwa kwenye kola. Vazi hili lilizaliwa kwa ajili ya kazi. Mwaka wa 1928, mjini New York, Irving Schott alishona jaketi la waendesha pikipiki lenye zipu mbele, akaliita Perfecto, nalo likauzwa kwa dola tano na nusu. Mwaka wa 1931 marubani wa jeshi la Marekani wakapewa lao, lililojulikana kama A-2. Mambo ya mtindo yalifuata baadaye, hasa baada ya Marlon Brando kulivaa jaketi kama hilo katika filamu ya mwaka wa 1953, The Wild One. Ngozi ilichaguliwa kwa sababu huzuia upepo, na mpanda pikipiki akiburutwa barabarani, hiyo ndiyo hukwaruzika kabla ya mwili wake. Inasikitisha kwamba vijana wetu wa bodaboda, wanaoihitaji kinga hiyo kuliko sisi sote, ndio wanaouziwa plastiki.

Mnunuzi na aanze kwa kutazama tabaka. Ngozi ya ng'ombe ni nene, hivyo kiwandani hupasuliwa. Tabaka la juu, lile lililoota manyoya, ndilo lenye nyuzi zilizosukana kwa nguvu; la chini ni dhaifu, na mara nyingi hupakwa rangi nzito na kugongwa alama bandia ili lifanane na la juu. Vitundu vya nywele visipolingana mahali pote, hiyo ni dalili njema. Vikijipanga kama mistari ya daftari, ni kazi ya mashine. Ukingo uliokatwa nao hausemi uongo: ngozi huonyesha nyuzinyuzi, plastiki huonyesha kitambaa. Ngozi ya mbuzi ni nyepesi na imara. Ya kondoo ni laini, lakini huraruka upesi. Mishono nayo isisongamane mno, kwani sindano hutoboa ngozi ikachanika kama stempu. Ikiwa bitana na zipu zaweza kubadilishwa na fundi wa mtaani, jaketi hilo litadumu. Ndiyo maana jaketi kuukuu la Gikomba, lililokwisha kuvaliwa miaka ishirini ng'ambo, huweza kulishinda jipya la dukani.

Lakini kwa nini tutafute ngozi katika marobota ya mitumba ilhali nchi hii ina mamilioni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo? Sehemu kubwa ya ngozi zetu husafirishwa nje zikiwa zimetiwa dawa ya kromu tu, kabla hazijawa bidhaa. Serikali ilitoza ushuru wa kuuza nje ngozi mbichi, ikaupandisha hadi asilimia 80, ili viwanda vya humu nchini vipate malighafi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila ushuru hauzibi tundu. Mfugaji humchoma ng'ombe chapa ya moto ubavuni, pale pale ambapo mgongo wa jaketi ungekatwa. Kupe na miiba huacha makovu. Machinjioni, kisu cha mchunaji aliye na haraka hukamilisha uharibifu huo. Ngozi ya namna hiyo hainunuliwi kwa bei ya maana, na mfugaji huachwa akiamini kwamba ngozi ni takataka.

Hapa ndipo tunapowageukia walimu. Katika somo la kilimo, mwanafunzi hufundishwa kuogesha mifugo ili kuepusha ndigana, jambo zuri sana. Ni wangapi huambiwa kwamba jeraha la kupe huonekana hata baada ya ngozi kupita kiwandani, au kwamba chapa yaweza kuwekwa shavuni au mguuni badala ya ubavuni? Wala hapahitajiki maabara. Fundi viatu aliye nje ya lango la shule hatakosa kipande cha ngozi na kipande cha plastiki, navyo vyatosha kwa kipindi kizima.